Kamera Isogee, Mtu Atulie: Mwongozo wa Kuipa Mwendo Picha Mnato kwa Akili Unde

Kabatini kwa mama yangu kuna bahasha ya kaki yenye picha za zamani. Moja ni ya bibi mzaa mama, aliyopiga studio mjini Tanga akiwa bado kijana. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi na jahazi, kajifunga kanga, mkononi kashika mkoba mdogo. Picha yenyewe haizidi kiganja, lakini ukiisogeza dirishani unasoma jina la kanga juu kidogo ya pindo: Wema hauozi.

Tulipokuwa tunaandaa shughuli ya familia, nikataka bibi awemo kwenye video fupi ya ukoo. Niliipiga picha ile kwa simu, nikaipakia kwenye programu ya akili unde na kuagiza kamera imzunguke. Muda si mrefu video ikawa tayari. Minazi ya pazia ilipepea kama ya ufukweni kweli, na jahazi likawa linakata maji. Bibi aligeuza shingo, sikioni zikaning'inia hereni ambazo hakuwa nazo. Herufi za kanga ziliyeyuka zikawa mikwaruzo isiyosomeka. Mama alitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mwanangu, huyu si mama."

Kila nilichojifunza baadaye kuhusu kazi hii kimetokana na maneno yale. Ukiwa na picha za wazee wako, za harusi, za mtaa wenu wa zamani, au ukiwa mpiga picha ambaye wateja wanakuomba "uzifanye zitembee", yafuatayo yatakusaidia kuzipa mwendo bila kuzipotezea ukweli wake. Kanuni kubwa ni moja, na utaikuta kila hatua: kamera isogee, mtu atulie, na kamera isiende mahali ambapo picha haikufika.

Mashine inafanya nini hasa

Njia ya kwanza, kutembeza kamera juu ya picha mnato, ni ufundi wa siku nyingi. Mwaka 1957 Wakanada Colin Low na Wolf Koenig walitoa filamu City of Gold, wakitumia picha za zamani za mji wa Dawson wa enzi za kukimbilia dhahabu. Kamera yao ilikuwa ikisogea taratibu juu ya picha, kutoka uso hadi uso. Mmarekani Ken Burns aliufuata mtindo huo katika mfululizo wake wa The Civil War wa mwaka 1990, na hadi leo programu nyingi za kuhariri video zinauita kwa jina lake. Hapo hakuna akili unde hata chembe. Picha inabaki ilivyo, kinachosogea ni fremu.

Njia ya pili ni ya kina. Ukisafiri kwa basi kutoka Moshi kwenda Arusha, nguzo za umeme zilizo kando ya barabara zinakimbia, mashamba yanapita taratibu, na Kilimanjaro ni kama hausogei. Jicho hutumia tofauti hiyo ya kasi kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Programu ya kina inakadiria umbali wa vitu vilivyo kwenye picha yako, inamtenga mtu na kilicho nyuma yake, kisha inasogeza tabaka hizo kwa kasi tofauti. Google Photos ilianza kufanya hivi mwishoni mwa mwaka 2020. Mashine hubuni kidogo tu, yaani ule ukanda mwembamba unaofunuka nyuma ya bega mtu anaposogezwa.

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta gumzo. Hapa mashine iliyofunzwa kwa video nyingi sana inaichukua picha yako kuwa fremu ya kwanza, kisha inachora yenyewe fremu zote zinazofuata. Programu ya Stable Video Diffusion, iliyotolewa Novemba 2023, ilitoa fremu 14 au 25, sawa na takriban nusu sekunde hadi sekunde moja kwa kasi ya filamu. Mwaka uliofuata zikaja Kling, Dream Machine ya Luma na Gen-3 ya Runway, na vipande vikarefuka hadi sekunde 5 na 10. Sasa fanya hesabu. Sekunde 5 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 120. Moja tu ni picha yako. Zilizobaki 119 ni makisio.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote, jiulize picha hii inahitaji njia ipi. Barua, cheti, gazeti, kanga yenye maandishi, au kundi la watu thelathini waliopangwa mbele ya shule: tumia njia ya kwanza, kwa sababu herufi na nyuso ndogo ndizo mashine inazoharibu upesi. Picha ya mtu mmoja au wawili: njia ya kina inatosha mara nyingi. Bahari, moshi wa jiko, mvua, shamba la mahindi, mtaa wenye anga kubwa: hapo njia ya tatu inafaa, maana mawimbi na mawingu yakibuniwa hayamkosei mtu heshima.

Andaa picha kwanza

Video haiwezi kuwa safi kuliko picha iliyoizaa. Kama una skana, skani picha ndogo kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi (dpi). Kama huna, simu inatosha ukifuata mambo haya:

1. Itoe picha kwenye fremu ya kioo. Kama imegandia kioo, usiivute; ipige ilivyo.
2. Ilaze mezani karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja. Zima taa ya chumba ili rangi mbili za mwanga zisichanganyike, na usitumie flashi.
3. Shika simu sambamba na picha. Ukiinama upande mmoja, kuta na milango itapinda, na mashine itauchukua upindo huo kuwa umbo la kweli.
4. Usisogeze simu karibu mno. Rudi nyuma kidogo, kisha ukate kingo baadaye.
5. Ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp, itume kama dokyumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora.

Sasa amua umbo la video kabla ya kupakia. Simu iliyosimama inataka 9 kwa 16, runinga au projekta ya ukumbini inataka 16 kwa 9. Picha nyingi za zamani ni za mraba au zinakaribia mraba. Ukipakia mraba na kuagiza video iliyosimama, programu itafanya moja kati ya mawili: itakata watu wa pembeni, au itabuni dari na sakafu. Kata mwenyewe, kwa jicho lako. Picha isipokubali kukatwa, iache na ukanda mweusi pembeni. Hakuna aibu katika ukanda mweusi.

Mikwaruzo na madoa makubwa yasafishe kabla, kwa sababu doa jeupe shavuni linaweza kugeuka mdudu anayetembea. Ila usiipeleke picha kwenye kisafishaji kinachong'arisha nyuso kupita kiasi. Kinabadilisha pua na midomo kimyakimya, na ukishaanza na uso usio wake, hatua zote zinazofuata ni za mtu mwingine.

Miendo ya kamera na kazi ya kila mmoja

*Kusogea mbele.* Kamera inamkaribia mtu polepole. Huu ndio mwendo wa picha za wazee. Haufunui kitu kipya, unakaza macho kwenye kile kilichopo. Usiuchanganye na zumu. Zumu inakuza kila kitu kwa kiwango kimoja, lakini kamera ikisogea kweli, mtu anakua kuliko ukuta ulio nyuma yake.

*Kwenda kando.* Kamera inateleza kushoto au kulia kama mtu anayepita mbele ya duka. Unafaa sokoni, bandarini na kwenye safu ya watu walioketi kwenye mkeka. Teleza kidogo. Ukipita ukingo wa picha, mashine itaongeza mtu ambaye hakuwepo.

*Kuinua au kuinamisha jicho.* Kamera inasimama, inatazama juu au chini. Chagua mwendo huu kwa mnara, mnazi, au vazi la bibi harusi kutoka ushungi hadi pindo. Picha ndefu ikiwekwa kwenye video pana, mwendo huu unafanyika kwa kuhariri tu, bila akili unde.

*Kurudi nyuma.* Unaanza na uso, unamalizia na chumba kizima. Ni mwendo mzuri mno, na ni hatari mno, kwa kuwa kamera inatoka nje ya picha. Hapo chini nitakupa njia ya kuupata bila kubuni chochote nje ya kingo.

*Kupanda kama droni.* Kwa mandhari peke yake: shamba, pwani, paa za mji.

*Kuzunguka.* Mwendo huu ndio ulioniharibia bibi. Picha inajua upande mmoja tu wa mtu, kwa hiyo upande wa pili ukionekana umebuniwa wote. Kama huna budi, agiza nyuzi kumi hivi, pembe ndogo tu, kisha kamera isimame.

Kuna pia ule mwendo wa kamera kusogea upande mmoja huku zumu ikivuta kinyume chake, ambao Hitchcock aliutumia katika filamu ya Vertigo mwaka 1958 na Spielberg akautumia katika Jaws mwaka 1975. Unaleta kizunguzungu na hofu. Baadhi ya programu zinautoa kwa mguso mmoja, lakini usiupeleke kwenye video ya harusi.

Kuandika maelekezo

Programu nyingi zina orodha ya miendo yenye mishale, na kipimo cha nguvu. Anza na nguvu ya chini kabisa, kisha panda taratibu. Penye nafasi ya kuandika, fuata mpangilio huu: kamera kwanza, mtu pili, mazingira tatu, mwendokasi mwisho. Mfano wa picha ya bibi:

"Kamera inasogea mbele polepole sana kuelekea usoni. Mwanamke amesimama kimya, midomo imefungwa, macho yanatazama mbele. Nyuma yake ni pazia la kitambaa lililochorwa, limetulia. Mwanga haubadiliki."

Tazama sentensi ya pazia. Mashine haijui kwamba studio zetu zilikuwa na mapazia ya kuchora. Ikiona minazi inadhani ni minazi. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo mwambie. Vilevile eleza hina, kofia ya mkono, buibui, kibatari, chochote ambacho inaweza kukiona kama kitu kingine.

Eleza unachotaka kiwepo kuliko usichotaka. Ukiandika "asitabasamu", mashine inaweza kulishika neno tabasamu na kuliacha kanusho. "Midomo imefungwa" inaeleweka vizuri zaidi. Usirudie kuelezea sura na mavazi ambayo picha inayaonyesha tayari, eleza mwendo. Na kwa kuwa mashine hizi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, ukiona Kiswahili chako kinaleta mambo mengine, tafsiri maelekezo yaleyale kwa sentensi fupifupi, ujaribu tena.

Maelekezo yaleyale huzaa video tofauti kila unapobonyeza. Kwa hiyo panga kutengeneza tatu au nne kwa kila picha, ukichagua moja. Kila jaribio linakula krediti za programu na bando lako, basi jaribu kwanza kwa ubora wa chini, na ubora wa juu uuagize ukisharidhika.

Mbinu mbili za kuizuia mashine isibuni

Ya kwanza ni kugeuza video. Unataka kamera irudi nyuma kutoka usoni hadi chumba kizima? Usiiagize irudi nyuma. Agiza isogee mbele ukianzia picha nzima, kisha kwenye programu ya kuhariri kama CapCut, igeuze video ianzie mwisho. Sasa inaanza na uso na kumalizikia kwenye picha halisi, mpaka ukingoni, bila kilichoongezwa. Mbinu hii inataka picha iliyotulia. Penye watu wanaotembea, moshi au maji, kugeuza kutawarudisha kinyumenyume.

Ya pili ni kuifunga mashine pande zote mbili. Programu kadhaa zinakubali picha mbili, ya kuanzia na ya kumalizia. Kata kipande cha picha yako, tuseme kuanzia kifuani hadi kichwani, kwa umbo lilelile la video. Weka picha nzima mwanzo na kipande hicho mwisho. Mashine inabaki na kazi ya kujaza katikati tu, na pande zote mbili zinashikwa na uso wa kweli.

Kagua kabla ya kukubali

Tazama video mara moja kwa kasi ya kawaida, halafu isogeze fremu kwa fremu, ukiilinganisha na picha ya asili. Anza na macho: je, yanatazama palepale? Nenda kwenye meno. Kama mdomo ulifungwa na sasa meno yanaonekana, meno hayo si yake. Hesabu vidole. Soma maandishi yote, ya kanga, ya bango la duka, ya namba ya gari. Tazama mistari ya mkeka na vigae, maana ndiyo inayoanza kucheza. Angalia rangi ya ngozi: mashine inaweza kung'arisha nyuso taratibu kadiri sekunde zinavyokwenda. Ukiona hivyo, kipande hicho tupa.

Makosa huongezeka kuelekea mwisho, kadiri fremu zinavyokwenda mbali na picha yako. Kipande cha sekunde 5 mara nyingi kina sekunde 3 safi za mwanzo. Kata hapo. Ukihitaji muda zaidi, punguza kasi kidogo au iache fremu ya mwisho isimame.

Halafu muite mtu aliyemjua aliye pichani. Mwonyeshe bila kumwambia umefanya nini, usome uso wake. Hakuna programu inayoshinda jicho la mtoto aliyelelewa na mama yule.

Kuunganisha na kuweka sauti

Ukishapata vipande vyako, vipange kama mtu anayefungua albamu na kuonyesha wageni. Kipande kimoja kwa sekunde 3 hadi 5 kinatosha. Usiipe kila picha mwendo uleule. Baada ya mbili zinazosogea, weka moja iliyosimama kabisa. Picha iliyosimama katikati ya zinazotembea ina uzito wake, na aghalabu ndiyo watu wanayoikumbuka.

Baadhi ya programu mpya, kama Veo 3 ya Google, zinatoa na sauti pia. Kwa picha za familia, izime. Badala yake chukua simu, kaa na shangazi au babu kwenye chumba chenye mapazia na godoro, mahali pasipo mwangwi, umuulize: hapa ilikuwa wapi, huyu ni nani, siku hiyo kulitokea nini? Dakika kumi za sauti yake ni hazina kuliko athari yoyote ya kamera. Kama unataka muziki, kumbuka kwamba nyimbo zina wenyewe, na video inaweza kuondolewa mtandaoni kwa sababu hiyo.

Ridhaa na heshima

Uso wa mtu ni taarifa yake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Lakini hata bila sheria, kwetu mtu huomba. Aliye hai muombe mwenyewe. Mtoto, waombe wazazi wake. Aliyetangulia mbele ya haki, waulize watoto wake kabla ya kuirusha kwenye kundi la ukoo, kwa kuwa wapo wanaofarijika kumuona mzazi akipepesa macho, na wapo wanaoumia. Usimtie marehemu maneno mdomoni. Na picha ya mtu usiyemjua, au ya kiongozi, usiihuishe ikaonekana anafanya jambo ambalo hakulifanya.

Video yako ikitoka nje ya nyumba, andika chini yake: "Picha ya asili imepewa mwendo kwa akili unde." YouTube na TikTok zinakutaka utaje kwamba video inayofanana na ya kweli imetengenezwa kwa akili unde, na mpiga picha anayemwambia mteja wazi hajengi ila jina lake.

Picha ya bibi niliirudia. Kamera ilisogea mbele kwa sekunde tatu na nusu, yeye ametulia, pazia limetulia, na jina la kanga nililionyesha peke yake kwa kuhariri tu, herufi zikasomeka zote. Mama alitazama, akaomba irudiwe, kisha akaanza kunisimulia siku ile walivyokwenda studio na nani aliyemwazima bibi ule mkoba. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo.

Kwa hiyo kabla hujapakia picha yoyote, weka nakala ya asili isiyoguswa mahali pawili: kwenye simu na kwenye flashi au hifadhi ya mtandaoni. Lipe faili jina la mtu, mahali na mwaka, si tarakimu za kamera. Nyuma ya picha ya karatasi andika majina kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kama majina huyajui, mpigie leo mzee anayeyajua. Video unaweza kuirudia hata mwakani. Mzee huyo huenda usimpate.